Chungu cha Gundi cha Kasiani

Dadi bin Kheri alikuwa mtu wa kushuku. Wala si kushuku kule kwa mnunuzi anayebonyeza papai kabla hajafungua kibindo. Dadi akikaribishwa maji nyumbani kwa mtu, aliuliza yamechotwa wapi, akauliza yamechotwa na nani, akauliza huyo mchotaji alipita njia gani, na akishajibiwa yote alinusa kata, akashukuru, akasema hana kiu. Siku ya harusi yake hakugusa pilau mpaka mpishi ale kwanza, na mpishi alikuwa mama mkwe wake. Mkewe, Mwanaheri, aliwaambia wenzake kisimani kwamba mumewe hugeuka ghafla njiani kuangalia kama kivuli chake kinamfuata kwa nia njema.

Watu wa Morogoro walimcheka, ila walimtumia. Idd ya Kuchinja ikifika, ng'ombe wa msikiti hakulazwa chini kabla Dadi hajamkagua. Mwaka ule, reli ya Wajerumani ikiwa imekwisha kupita mjini na kushika njia yake ya bara, ng'ombe alikuwa mweusi ti, masikio tu ndiyo yenye madoa meupe. Dadi alimpanua mdomo. Akamchungulia sikio hili na sikio lile kama mtu aliyeangusha pete humo. Kisha akasimama ubavuni mwa Stambuli mchinjaji mpaka akaisikia Bismillahi, na damu ikamrukia kanzu. "Haya," akasema, "huyu ni halali." Ndipo watu wakala kwa amani.

Kitu kimoja tu duniani hakukishuku, nao ni msahafu wa marehemu baba yake.

Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa misafara. Alishuka pwani na pembe za ndovu za watu, akasilimu Bagamoyo, akanunua msahafu uliochapwa Bombay, akarudi nao kichwani. Masika yalimpiga njia nzima. Msahafu haukupata hata tone, ila mbebaji mwenyewe alifika Morogoro amelowa mpaka ndani ya mifupa, na wanaomkumbuka wanaapa kwamba kila alipokohoa alitoka chura. Hapo akatua mzigo, akaoa, akazeeka, na alipokufa akauacha msahafu kwa msikiti. Pembezoni mwa kurasa zilibaki alama za kidole gumba chake, nyeusi, pale alipokuwa akifungulia miaka yote. Dadi akiweka kidole chake juu ya alama ile, kilienea sawasawa.

Sasa uzi wa msahafu ulikuwa umeoza, na mchwa walikuwa wameula mgongo. Ijumaa moja Mwalimu Abasi, aliyesomesha msikitini, aliunyanyua, na kurasa zikamwagika mkekani kama kuku waliofunguliwa tundu.

"Kitabu cha Mungu kikifika hapa huzikwa," alisema Mwalimu Abasi taratibu. "Tutatafuta mahali pasipokanyagwa."

"Si lazima, Mwalimu," alisema Dadi. "Kinaweza kushonwa. Pale kwenye kiwanda cha chapa cha Mzungu, karibu na stesheni, wanafunga vitabu."

"Nani anafunga?"

"Kasiani."

Akida, aliyekuwa ameegemea nguzo, akakohoa. Akida huyu aliwekwa na serikali, alivaa joho juu ya kanzu, na mambo ya msikitini yalikuwa yakifika bomani kabla watu hawajavaa viatu. "Kasiani Mnaswara wa kule mlimani," alisema. "Na gundi yao je, Bwana Dadi? Nani hajui kwamba gundi ya Wazungu hupikwa kwa ngozi ya nguruwe?"

Wazee wakaguna. Dadi naye alitaka kuguna, maana hilo alilijua kabla yao wote. Lakini moyoni aliona fungu la udongo, na shimo, na alama za kidole gumba zikifunikwa. Akasema, "Nitakaa pale mwenyewe. Kurasa nitashika mimi, kwa udhu. Nitaangalia sindano, nitaangalia uzi, nitaangalia gundi."

Mwalimu Abasi aliwatazama wenzake, kisha akamtazama Dadi. "Kama kuna mtu wa kuaminiwa katika kutoamini, ni wewe. Nenda. Lakini ukirudi utatuambia kila kilichougusa msahafu. Ukishindwa kutuambia, tutauzika, hata kama umependeza kama bibi harusi."

*

Kiwanda kilikuwa banda refu la bati. Upande mmoja mtambo wa chapa ulikuwa ukishindilia tangu asubuhi, dug-dag, dug-dag, mpaka vikombe vilitembea vyenyewe mezani. Mwenye kiwanda alikuwa Mjerumani mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Nukta, kwa kuwa aliweza kuiona nukta ya wino pasipotakiwa akiwa amesimama mlangoni. Alichapa stakabadhi za mashamba ya mpira, hati za mizigo ya reli, na lebo za magunia. Ukutani, juu ya meza yake, kilitundikwa kiboko, na hakuna aliyehitaji kuelezwa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano vya serikali, ni nini.

Upande wa pili, mbali na mtambo, ndiko vitabu vilikomalizwa. Hapo alitawala Kasiani, mtu mfupi wa kifua kipana, rozari shingoni, asiyesema mengi. Pamoja naye alikuwepo Paskalia, mama wa makamo, Mluguru wa milimani, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja. Alilaza karatasi iliyochapwa, akaikunja mara mbili, tatu, akapitisha juu yake kipande cha mfupa mweupe uliosuguliwa, na mkunjo ukakaa mkali kama umepigwa pasi.

Dadi alisimama mlangoni na kifurushi chake, akautazama ule mfupa.

"Mfupa wa nini huo, mama?"

Paskalia hakuinua kichwa. "Wa mjomba wangu."

Dadi akarudi nyuma hatua.

"Alikuwa mvivu sana alipokuwa hai," Paskalia aliendelea. "Tukasema, basi afanye kazi akiwa mfu. Karibu ndani, Mnyamwezi. Baba yako alibeba pembe, wewe unaogopa mfupa?"

Ilikuwa haki yake. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na mtani halipizwi ila kwa utani. Dadi alijaribu. "Ukifa wewe tutatengeneza kijiko."

"Kitakuwa kijiko kitamu. Utakinusa kwanza?"

Kasiani alicheka puani, akaita, "Lete kitabu, Bwana Dadi. Na huo mfupa ni wa ng'ombe."

Wakaanza. Kila asubuhi Dadi alimtaka Kasiani anawe mpaka kwenye viwiko mbele ya macho yake, na Kasiani alinawa bila neno, hata Wakristo wenzake wakamuuliza kama amesilimu. Kisha wakakaa uso kwa uso na kitanda cha kushonea katikati yao, mbao mbili zilizovutwa kamba, mkunjo mmoja juu ya mwingine. Dadi alishika kurasa, Kasiani akapitisha sindano, ndani, nje, akizunguka kamba, kisha mkunjo mwingine. Mwanzoni Dadi alishika kama anayeshika yai la mtu. Baadaye vidole vyake vikajua, akawa anafungua mkunjo kabla hajaambiwa.

Lakini mdomo wake haukutulia.

"Uzi huu umetoka wapi?"

"Ni pamba. Duka la Mhindi."

"Na hiki unachousugulia?"

"Nta."

"Ya nyuki?"

"Ya nyuki."

"Nyuki gani?"

Kasiani aliimega nta, akaitia mdomoni, akaitafuna akimtazama. Dadi akasubiri kidogo aone kama ataanguka. Hakuanguka. Wakaendelea.

Karibu walishindwana siku ya kingo. Kitabu kikishashonwa hubanwa katika shinikizo, kisha kingo zake hukatwa kwa kisu kirefu zilingane. Kasiani alikuwa amekwisha kunoa kisu. Dadi akaweka mkono wake mzima juu ya msahafu.

"Hapa hukati."

"Kitabu kisichokatwa huonekana kama nywele za mwendawazimu."

"Baba yangu amebaki hapo pembeni," alisema Dadi, akamwonyesha alama nyeusi.

Kasiani alizitazama kwa muda, akalifungua shinikizo, akakitundika kisu mahali pake. Dadi naye, kwa mara ya kwanza tangu aingie bandani, alikosa swali.

Lilikuwa limebaki jambo la gundi, na hapo ndipo shuka ya amani ilipochanika.

Gundi ya Bwana Nukta ilikuja kwa treni, ndani ya makasha. Ilikuwa vibao vigumu, vyekundu vya kukolea kama damu iliyokauka, ukikiinua kimoja juani mwanga unapita. Kwa desturi hulowekwa, hupashwa moto ndani ya maji, huyeyuka. Dadi alivinusa akiwa mbali, akaziba pua. "Hivi havigusi msahafu," alisema.

"Havitaugusa," Kasiani alijibu haraka mno. "Nitaleta yangu."

"Yako ya nini?"

"Gundi."

"Imetengenezwa kwa nini?"

Hapo fundi yule, ambaye alikuwa amejibu maswali ya nyuki na pamba bila kukunja uso, alitazama mlango, akatazama meza ya Bwana Nukta, akasema kwa sauti ya chini, "Ni dawa ya mgongo wa kitabu. Acha kuuliza."

Kumwambia Dadi aache kuuliza ni kama kumwambia mbuzi asione mahindi. Tangu saa ile aligeuka kuwa macho tu. Aliona kwamba Kasiani, jioni akitoka, huchukua vibao vyekundu kutoka kashani na kuviingiza kwenye mfuko wa majani. Aliona kwamba chungu kilicho kwenye jiko la bandani, ambacho Bwana Nukta alidhani kina gundi ya Ujerumani, kilikuwa na gundi ya rangi nyingine, ya kijivu. Akamuuliza Paskalia.

"Hupanda navyo mlimani," Paskalia alimnong'oneza, na safari hii hakutania. "Usimwulize, mtani. Mambo mengine yana masikio, yakisikia jina lao yanakuja."

Hapo Dadi akajua kwamba ameingia pabaya. Usiku hakulala. Akawaza nguruwe. Mlima mzima ule una nguruwe mwitu, wanachimba mihogo ya watu, na watu wa mlimani wanawatega. Mtu anayeficha gundi yake anaficha nini, kama si nguruwe?

*

Jumamosi, kazi ilipofungwa mapema, Kasiani alishika njia ya Kilakala akaanza kupanda, na Dadi nyuma yake, mbali kidogo. Njia ilipita kwenye migomba, ikapita kwenye matuta ya maharage yaliyoning'inia mlimani kama nguo zilizoanikwa, ikavuka kijito. Wanawake waliokuwa wakipalilia walimwona mtu mwenye kanzu akijificha nyuma ya mgomba hadi mgomba, wakampigia vigelegele vya dhihaka, na Dadi akawaomba kwa mikono wanyamaze.

Juu ya kijito Kasiani alisimama. Akatoa vile vibao vyekundu, akavishusha ndani ya shimo lililokuwa limechimbwa tayari, akavifukia. Kisha akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akasimama kama mtu anayezika.

Dadi alikunja kanzu magotini. Akasogea. Nyuma ya kibanda aliona moto na chungu kikubwa cha udongo, na kando yake ngozi zimewambwa kwenye miti, vipande vipande, nyeusi, zenye manyoya magumu yaliyosimama.

Hakujificha tena. Akatoka kwenye migomba kanzu imejaa matope.

"Nguruwe," alisema. "Nimekukamata, Kasiani. Nimekaa na wewe meza moja, umenitafunia nta, kumbe ni nguruwe."

Kasiani aliruka kama aliyemwagiwa maji. Alipoona ni nani, akakaa kwenye kigogo. "Bwana Nukta amekutuma?"

"Anitume Bwana Nukta? Msikiti umenituma. Umetia nguruwe humu."

"Nguruwe ni ile ya Mzungu, kama unataka kusema nguruwe," alisema Kasiani, "ingawa si nguruwe. Heri ingekuwa nguruwe."

"Ni nini basi?"

Kasiani alitazama lile shimo. "Mumiani."

Neno lile watu hawakulitaja ovyo siku zile. Ilisemwa kwamba kuna watu wanaokamata watu njiani, wakawaning'iniza, wakawatoa damu, na damu ikikauka ikawa dawa ya kuuzwa kwa bei kubwa. Dadi alilisikia tangu utotoni na alilishuku, kama alivyoshuku kila kitu, bila kujua kama anashuku kuwa lipo au kuwa halipo.

"Umekiinua juani?" Kasiani alimuuliza. "Umeona rangi? Kitu gani kingine kinakauka hivyo? Nami nitie damu ya watu katika vitabu, watu washike, wasome? Kila kasha likija ninavizika kama Wakristo, maana sijui walikuwa dini gani."

"Ni nguruwe," alisema Dadi.

"Ni watu."

"Nguruwe, nakuambia. Nimenusa."

"Umewahi kumnusa nguruwe aliyekaushwa?"

"Wewe umewahi kumnusa mtu aliyekaushwa?"

Wakatazamana. Ikawa kila mmoja amesimama upande wake wa shimo, na hakuna aliyekuwa tayari kulifukua ili kumshinda mwenzake.

"Na hizi je?" Dadi alizielekea zile ngozi. "Manyoya haya?"

"Ng'ombe. Ngozi za miguu, kwato, na masikio. Napika mpaka zinakuwa gundi. Alinifundisha fundi wa pwani kabla vibao havijaanza kuja."

"Nitajuaje kwamba alichinjwa?"

"Nenda kamwulize Stambuli. Nilikwenda na maharage nimlipe, akayakataa. Akasema sehemu ya ng'ombe wa Idd haiuzwi, chukua tu, iwe sadaka."

Maneno yale Mkristo wa mlimani asingeweza kuyabuni, hayo ni ya mtu aliyekaa chini ya mwalimu. Dadi akaenda pale palipowambwa ngozi, akageuza kipande kimoja, cha pili. Cha tatu kilikuwa sikio, jeusi, lenye madoa meupe. Akalichungulia ndani. Alikuwa amekwisha kuchungulia humo siku ya Idd, na hapakuwa na kitu, na sasa pia hapakuwa na kitu.

"Huyu namjua," alisema.

"Basi gundi yangu umeikagua kabla yangu," alisema Kasiani. Kisha akaongeza, na sauti ikashuka, "Lakini, Bwana Dadi. Bwana Nukta amenunua vibao vyake kwa fedha, vimepita bahari. Akijua vimelala hapa, utanisikia nikilia mpaka Kingolwira, na baada ya hapo mnyororo. Nina mama juu kule."

Dadi hakuahidi. Alishuka mlima akinusa kanzu yake.

*

Mgongo wa msahafu ulipakwa gundi ya kijivu mbele ya macho yake, ukapigwa nyundo ukaviringana, ukabandikwa kitani. Jalada likafanywa kwa mbao nyembamba za karatasi na kitambaa cha kijani alichonunua Dadi mwenyewe, baada ya kunusa jora tatu. Kasiani karibu alibandike kinyume, lifungukie kushoto kama vitabu vya Wazungu, na Dadi akaligeuza mikononi mwake. Walipoutoa kwenye shinikizo, ulifunguka ukalala chali, kimya, kurasa zote mahali pake, kingo zake kama nywele za mwendawazimu.

Wazee walikuwa wameagiza aje na gundi pia, waione. Kasiani akampa kibakuli. Ilikuwa imeganda, inatetemeka, kama supu ya kongoro iliyolala. Ukingoni Dadi aliona rangi kidogo ya kibuluu. Alitaka kuuliza, lakini Bwana Nukta aliingia, na Dadi akakificha kibakuli chini ya kanzu akaondoka.

Barazani msikitini, baada ya sala ya alasiri, msahafu ulipita mkono kwa mkono. Mwalimu Abasi aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, na midomo ikamcheza. "Umeshonwa vizuri," alisema. "Sasa tuambie, Dadi."

Dadi akaeleza. Uzi, pamba. Nta, ya nyuki. Mfupa, wa ng'ombe. Kurasa nilishika mimi. Gundi, halali, naapa.

"Unaapa kwa nini?" aliuliza akida. "Mimi nilikuwepo stesheni makasha yalipoteremshwa. Chai ya Bwana Nukta nakunywa barazani kwake, na amenionyesha vile vibao, vimetoka Ulaya. Ng'ombe wa Ulaya walichinjwa na Stambuli?"

Mtu mmoja alicheka. Wengine hawakucheka.

"Gundi hii naijua ilikotoka," alisema Dadi.

"Imetoka wapi?"

Dadi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, lenye masikio ya madoa. Akisema ni ng'ombe wa Idd, akida atauliza imekuwaje, na makasha yakaenda wapi, na kabla ya magharibi Kasiani atakuwa amelazwa kifudifudi mbele ya boma. Akamtazama Mwalimu Abasi. Alikuwa mtu mwema, lakini siri kwake ilikaa kama maji kwenye pakacha.

Akaufunga mdomo.

"Hajui," alisema akida. "Tuchimbe shimo."

Mwalimu Abasi aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono wake polepole kuelekea ule msahafu wa kijani.

Hapo Dadi bin Kheri alikitoa kibakuli, akachota gundi kwa vidole vitatu, tonge zima, akaitia mdomoni. Akatafuna. Ilimtelezea, ikamng'ang'ania, akaisukuma kwa ulimi, akameza. Akachota tena.

Wazee waliokaa nyuma wakanyanyuka wamwone.

Mzee mmoja alisema, kama anayeota, "Huyu alikataa tende za nyumbani kwangu."

"Alikataa uji wa mamake," alisema mwingine.

"Kahawa yangu hajaionja tangu nimjue," Mwalimu Abasi alisema taratibu, "na kahawa yangu naitengeneza kwa maji ya zamzam aliyoniletea haji." Akamgeukia akida. "Bwana akida, kiapo cha mtu mwingine ningekipima. Huyu akila kitu, hakuna mwanachuoni wa pwani atakayenionyesha ushahidi mkubwa kuliko huo. Una neno?"

Akida alimtazama Dadi kwa macho membamba. Alishuku. Alishuku kuna jambo, alishuku sana, lakini alipolitafuta halikuwa na mkia wa kushikia. "Sina," alisema.

Mwalimu Abasi akainua mikono aombe dua. Na palepale tumbo la Dadi likageuka.

Liligeuka kama punda anayetaka kutupa mzigo. Akajua kwamba akitapika pale, mbele yao, msahafu unakwenda chini ya ardhi na kidole gumba cha baba yake. Mwalimu Abasi alikuwa mtu wa dua ndefu. Aliwaombea waliokufa, akawaombea wasafiri, akawaombea wenye mashamba. Kilichomwokoa Dadi, kwa mujibu wa wote waliokuwepo, ni gundi yenyewe: tumbo lilitaka, midomo ikakataa. Ilikuwa imekwisha kugandana. Kila wenzake waliposema amina, yeye alisema mmm, na wazee wakaona machozi yakimtiririka wakastaajabu jinsi alivyo na uchaji.

Dua ilipokwisha alitembea, hakukimbia, mpaka kwenye migomba ya nyuma ya nyumba yake. Mwanaheri alimsikia kutoka jikoni. Ilimbidi kwanza amkande midomo kwa maji ya moto.

*

Asubuhi ya pili Dadi alikwenda kiwandani akiwa amejishikia ukuta wa kila nyumba. Kasiani alikuwa akishona stakabadhi za shamba la mpira. Alisimama alipomwona.

"Habari imefika," alisema chini kwa chini. "Uliila kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya baba yangu," alisema Dadi. "Wewe ulikuwa njiani tu." Akakaa. "Ulitia nini humo?"

"Ngozi, kwato, masikio. Uliona mwenyewe."

"Na ile buluu?"

"Ah." Kasiani alivuta uzi mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Mrututu. Kidogo tu, mende wasile vitabu. Ile sumu tunayopaka vidondani."

Dadi aligusa midomo yake. "Hukuniambia."

"Bwana Dadi, uliniuliza nyuki ni wa nani. Uliniuliza pamba imelimwa upande gani wa mto. Nilisema moyoni, mtu huyu akitaka kuila, hakosi kuuliza."

Paskalia alikuwa ameinamia mfupa wake, mabega yanatikisika. Akajizuia, akanyanyuka, akachota maji mtungini kwa kata, akamletea Dadi kwa mikono miwili, kama anavyoletewa mgonjwa au mkwe. Dadi alikuwa na kiu kali. Aliipokea kata, akaifikisha karibu na midomo iliyochubuka, akasimama.

"Yamechotwa wapi haya?"

"Kijitoni," alisema Paskalia.

"Na nani?"

Paskalia akageuka kwa Kasiani. "Endelea kushona, fundi," alisema. "Amepona."